Wiki ya Sita

Daktari Huenchumil alianzia kwenye kidole gumba.
Si moyo, si figo: kidole gumba cha kulia,
kilichoning'inia kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja.
"Hiki," alisema, "ndicho kilichobisha hodi."

Kisha akawatafuta waliokuja nacho.
Pingili ya mgongo iliyoota nusu.
Figo moja penye nafasi ya mbili.
Umio usiofika tumboni,
njia iliyokatika kabla ya daraja.
Na tundu moyoni, lenye sauti
ya birika linalokaribia kuchemka.

Akahesabu kwa vidole vyake kumi, vyote vizima.
"Kasoro zikifika tatu, huwa na jina."
Jina lenyewe ni herufi zilizopanga foleni,
kila herufi na kiungo chake.
Nikauliza: hilo jina ndilo sababu?
Akafunika kalamu.
"Hapana, Ismenia.
Ni kama watu unaowaona mara kwa mara
kwenye kituo kimoja cha basi, mvua ikinyesha.
Tunajua huwa wanakuja pamoja.
Aliyewaita hatumjui."

Hapa Valdivia mvua hainyeshi, inahamia.
Usiku ule nilikaa nayo dirishani
nikiirudisha kalenda nyuma:
Septemba, wiki ya sita,
vyote vikiundwa kwa mpigo mmoja
ndani ya kitu kisichozidi punje ya dengu.
Nilikuwa nafanya nini?
Nilipaka rangi mlango wa jikoni.
Nilimeza vidonge viwili vya mafua.
Niligombana na Eleodoro, sababu kuni mbichi.
Jumapili, sokoni kando ya mto,
simba-bahari alinifokea akidai kichwa cha samaki,
nikacheka hadi nikajishika tumbo.
Nilijishika tumbo.
Ndiyo hiyo?

Asubuhi nikampelekea daktari orodha.
Mlango, vidonge, kuni, kicheko.
Aliisoma yote, hakuruka mstari,
akaikunja mara nne, akanirudishia.
"Nenda kawashie jiko."

Ailín sasa ana miaka minne.
Anakula polepole, mkate na parachichi,
na akikohoa nyumba nzima inanyamaza.
Kidole gumba kile hakipo;
cha shahada kilipewa uhamisho
na kazi mpya kimeizoea: kinafunga zipu,
kinamvuta paka mkia.
Anahesabu moja mpaka tisa,
kisha anapiga makofi, amemaliza.
Mwalimu anamwambia arudie.
Anarudia. Tisa.