Mlango wa Wodi ya Tano

Oulu, saa tisa alasiri, na jua limeshatoka kazini.
Senja Kallunki ana mlango mmoja kwenye skrini:
sentimita tisini. Kitanda cha mgonjwa hakipiti.

Ameupa vishiko viwili,
cha kuuvuta upanuke,
cha kuuzungusha uufuate ukuta uliopinda.
Kimoja kimoja, vinatii.

Ameuzungusha nyuzi thelathini na saba. Vyema.
Ameuvuta ufike mia moja ishirini,
ubao ukachomoka fremuni,
ukakimbilia mashariki ya zamani,
bawaba zikabaki ukutani zimeduwaa.

Akafuta. Akarudia. Ukachomoka tena.
"Unaenda wapi, wewe?"

Tangu Oktoba amehamia ng'ambo ya mto,
na bado, akichoka, miguu humshusha
kituo kilekile cha basi,
ufunguo mkononi, mbele ya mlango wa wengine.

Kahawa imepoa ndipo alipoona:
aliugeuza ubao, aliigeuza fremu,
kishiko cha kuvuta hakukiambia.
Kilibaki kimesimama kilipozaliwa,
kikielekeza kulekule.

Basi akakitia nacho ndani ya mzunguko,
pamoja na ubao, pamoja na kitasa:
kinachovuta nacho kigeuzwe.

Akazungusha. Akavuta.
Mlango ukapanuka kwa kuufuata ukuta,
taratibu, kama mtu anayesogea kwenye benchi
ampishe mwenziwe.

Mia moja ishirini. Kitanda kinapita.
Senja akavaa koti, akajikumbusha kituo:
cha tatu, baada ya daraja.