Kipimaunyevu cha Ukumbi wa Tatu

Kazi yangu ni ile methali ya ufa na ukuta:
nalipwa mshahara kwa kuziba ufa
kabla wenyewe haujajua kuwa ni ufa.
Picha mia mbili na kumi na moja, hapa Kutaisi,
na kila moja nimeipitishia lenzi,
ngozi yake, vinyweleo vyake,
kama daktari wa wagonjwa wasiokohoa.

Kwa hiyo nilipoambiwa, "Alhamisi kuna piano,"
nikasema hapana.
Nikasema hapana mara ya pili, kwa maandishi.
Watu mia na ishirini, wametota mvua ya Novemba,
makoti ya sufu yanayofuka kama sufuria,
na pumzi zao, je? Nani atawapangia zamu ya kupumua?
Mkurugenzi akacheka: "Bwana Shalva,
picha zako zimeona vita viwili na njaa moja."

Nikaja na kipimo changu, nikaketi nyuma
karibu na Tsiala, mlinzi wa chumba,
aliyevaa viatu vya nyumbani kwa ajili ya magoti.
Hamsini na moja, kilisema kipimo.
Vyema.

Akaingia Nanuli Dvalishvili, miaka sabini na mitatu,
gauni la kijani, begani limeshonwa kwa uzi usiolingana
(kuona viraka ndiyo laana yangu).
Hakuinama sana. Akavuta kiti, akakirudisha, akakivuta tena,
kisha akaweka mikono kama mtu anayepima homa
kwenye paji la uso la mtoto.

Muziki sitawaeleza. Sijui majina ya viungo vyake.
Najua tu mkono wa kushoto ulitembea
kama anayeijua njia ya kwao gizani,
na wa kulia ukawa unauliza, unauliza.
Hamsini na tatu.
Vioo vya dirisha vikaanza kutoa jasho.
Hamsini na tano, nami nikamtazama mwanamke wa ukutani,
muuza makomamanga asiye na jina wala mchoraji,
ufa mwembamba toka sikioni hadi kwenye ushungi,
nikamwambia kimoyomoyo: vumilia, mama, wanamaliza.

Ndipo akapotea.
Katikati ya sehemu ya polepole, vidole vikafika mahali
na kukuta hapana mahali.
Akagusa noti moja. Akaigusa tena.
Kimya.
Si kile kimya kilichoandikwa kwenye karatasi,
bali kile cha mtu aliyesimama jikoni
amesahau alichofuata.

Hakuna aliyekohoa. Hakuna koti lililochakacha.
Tsiala akanishika mkono; sijui kama alijua ni wangu.
Watu mia na ishirini wamebana pumzi,
nami pamoja nao,
mimi niliyetaka wasipumue.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Yeye aliyazoa.
Hakurudi mwanzo; alirudi hatua chache tu,
kama mtu aliyeangusha ufunguo,
akapita tena palepale, polepole zaidi,
na ule ufa, niliousikia na bado nausikia,
hakuuziba.
Aliuvuka, ukabaki unaonekana,
kama uzi wa begani mwake.

Mwisho siukumbuki. Nakumbuka makofi,
na Tsiala akipapasa kiatu kimoja chini ya kiti,
na kipimo kimelala kifudifudi mapajani mwangu,
sijui tangu saa ngapi.

Watu walipotoka nilikigeuza.
Hamsini na nane. Nikaandika daftarini: hamsini na nane.
Nikasimama na lenzi mbele ya muuza makomamanga.
Ufa wake ulikuwa palepale, haujaongezeka hata unywele.
Brashi nilikuwa nayo mfukoni,
na rangi ya kulinganisha nilikwisha kuichanganya tangu Jumatatu.

Nikazima taa.