Doa la Njano

Saa tisa usiku, Rēzekne, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Dzintra amevaa soksi mbili mbili. Chai yake imeshapoa.
Kwenye dashibodi, alama nyekundu mia nne na kumi na mbili
zinapiga kelele kwa pamoja:
wote wanagonga mlango ule ule wa mbele,
kwa nywila za kitoto, kutoka kila pembe ya dunia,
wala hawajui wamegonga kwa nani.
Madebe matupu.
Anawashusha chini ya orodha kwa kidole kimoja.

Ainārs, mgeni wa zamu, anashtuka:
mbona unazima taa za hatari?
Sizimi, anasema. Napepeta.

Unabaki ungo, na juu yake doa moja la njano
lenye maneno yasiyotisha: fundi ameingia.
Fundi Valdis, pampu namba tatu,
nywila sahihi, mara moja tu, bila kukosea.

Lakini Valdis yuko hospitali tangu Jumanne,
aliteleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika;
Dzintra mwenyewe alimpelekea machungwa.
Hilo dashibodi haikuambiwa.

Nani basi huyu anayekwenda pole
kuyaendea maji ya moto ya nyumba elfu sita,
anapunguza joto kidogo, anangoja,
anapunguza tena?

Dzintra anamfungia nje. Anainua simu.
Kisha analipandisha doa la njano juu kabisa,
juu ya makelele yote,
na pembeni anawaandikia wa asubuhi:
huyu hakubisha hodi.