Orodha ya Baba

Baba aliandika vituo nyuma ya risiti ya mbolea:
tembe la Kwihara, daraja la Malagarasi,
visima vya chumvi Uvinza, ziwa.
"Mtatazama," alisema, "si kulala."

Kwihara tulikuta mlango umefungwa;
mwenye ufunguo kaenda msibani.
Tukachungulia tundu la kitasa kwa zamu.
Mimi niliona giza, na kuku.

Urambo haikuwa kwenye orodha,
ila gurudumu lilichagua kupasukia pale,
tukanunua asali ya miyombo kwenye chupa ya konyagi,
Shija akalamba mpaka kifuniko.

Darajani mama ndiye aliyesema simama.
Akashuka, akaegemea ukingo,
akanyoosha kidole kwenye matete:
"Pale palikuwa na kivuko. Kiligoma usiku kucha,
na wewe, Kalunde, ukabisha hodi tumboni."
Baba akatoa kalamu, akaandika kitu,
hakutuonyesha.

Uvinza tuliipita gizani.
Chumvi tuliionja midomoni, au lilikuwa vumbi.

Asubuhi, Kigoma. Reli imeishia hapo,
mbele maji, na milima ya watu wengine.
Shija akauliza:
"Nyuma ya ile milima, risiti inasemaje?"