Boliti ya Nne

Tatu ziliingia kabla ya saa sita.
Tatu hazina hadithi.

Injini inaning'inia kwenye cheni
chini ya magogo matatu ya mkaratusi,
Nissan ya mtumba, imefika Isongole
na namba za chaki ubavuni,
ikaonyeshwa makazi:
Landrova ya Mzee Mwasomola,
gari lililozaliwa kabla yangu.
Mgeni amekaribishwa, kiti si cha kimo chake.
Vishikizo nimevikata mwenyewe, nikavichomelea,
nikapima kwa uzi, nikapima kwa jicho,
jicho likanidanganya nusu inchi.

Sasa ya nne.
Iko nyuma, chini ya bomba la moshi,
kati ya boksi ya usukani na ukuta wa miguu ya dereva,
mahali ambapo aliyechora gari hili
hakutarajia mtu mwenye kiwiko.
Ukiingiza mkono, huoni.
Ukiutoa, unaona,
lakini kuona hakukazi nati.

Mvua iko juu ya mabati tangu alfajiri.
Ukungu umeingia gereji kama mteja asiye na pesa:
umesimama tu, unaangalia.

Mzee Mwasomola ameshika tochi.
Anamulika kila kitu ila boliti.
"Bado?"
"Bado, mzee."
Viazi vyake viko Isyonje, magunia arobaini,
vimeanza kutoa macho.
Ningeazima mawili.

Spana namba kumi na nne ni ya marehemu Fundi Kyando.
Aliikata shingo, akaipinda motoni,
nami nikacheka, nikadhani mzee anaharibu chombo.
Leo inapita nyuma ya bomba bila kuuliza njia.
Kicheko changu kimenirudia
nikiwa nimelala chali, tope mgongoni.

Tupokigwe anapaka nati grisi
ili ing'ang'anie kidole changu.
Mwaka wake wa pili hapa, mkono mwembamba,
lakini nimesema nitafanya mwenyewe.
Nimesema mara mbili.

Ti.

Wosha.
Tukangoja iguse sakafu.
Watatu tumekaza masikio,
mvua nayo ni kama imepunguza sauti.
Haikugusa.
"Imekwenda wapi?"
"Iko ndani."
"Ndani wapi?"
"Ndani, mzee."

Tupokigwe hakuomba ruhusa.
Alitandika gunia, akachukua wosha nyingine,
mkono ukazama hadi kwapani,
kisha akafumba macho.
Hilo sikuwahi kumfundisha.

"Pandisha jeki. Punje."
Nikapandisha.
"Umezidisha. Rudisha nusu punje."
Mimi, fundi, narudisha nusu punje
kwa amri ya binti aliyelala.
Injini ikayumba, ikasita,
tundu likaliona tundu mwenzie.

Halafu spana.
Inazunguka kipande, inagonga bomba,
inatolewa, inageuzwa, inarudishwa,
kipande kingine.
Anahesabu Kinyakyusa, kwa sauti
ya mtu anayemtuliza ng'ombe akimkamua.
Mzee amesahau kuuliza bado.
Tochi imezimika, hakuna aliyejali.

Alipofika sitini na tatu, akanyamaza.
Mkono ukatoka na mkwaruzo mrefu,
damu na grisi rangi moja.
"Imekaza," akasema,
akaenda kunawa kwa dizeli.

Jioni tukaiwasha.
Raba zikabonyea kidogo, zikabeba.
Injini ikatetemeka peke yake,
bodi haikuambiwa.

Mzee alilipa, akanishukuru mimi.
Sikumsahihisha. Nalitaja hapa.

Siku hizi Landrova hupita saa kumi na moja
na viazi vya watu,
inapandisha kilima kwa gia ya pili.
Majirani husema: injini imetulia hiyo.
Mimi husikia, chini ya ngurumo, mahali fulani ndani,
ti,
na kona ikikatwa,
ti.

Tupokigwe naye huinua kichwa kutoka kazini.
Hatuambiani kitu.