Ungekuwa Mnyama Gani

Mimi kazi yangu kisu na korosho.
Ghalani Mtwara, upande wa bandarini,
naletewa kilo moja ya kila shehena,
naipasua punje kwa punje, nahesabu:
nzima, iliyosinyaa, yenye madoa, iliyooza.
Mnunuzi husimama nyuma yangu.
Na kwa kuwa kimya huwatisha watu wa mbali
hunisemesha.

Kiingereza changu ni cha Bi Nankoma, Nanyamba,
darasa zima, watu sabini, tukisimama kwa sauti moja:
Fain, thenkyu, ticha.
Hiyo ndiyo akiba yangu. Miaka kumi na saba naitumia
wala sijaongeza senti.

Wa kwanza aliniuliza hali
mguu mmoja ukiwa umeshatoka nje.
Nami, kwa adabu ya kwetu, nikaanza na mgongo,
nikaja kwa mama na miguu yake inayovimba,
nilikuwa nafika kwenye salfa iliyochelewa mwaka ule
nilipoinua macho.
Naongea na mlango.
Chilumba wa mizani alicheka mpaka akakosea gunia.
"Swali lile," akasema, "ni kama honi ya gari.
Honi haijibiwi."

Wa pili aliniambia leo jua kali.
Nikatoka kwenda kulitazama.
Lilikuwa lile lile.

Mwingine: eti, nafanya kazi sana au sifanyi kabisa?
Akacheka mwenyewe.
Mafuta ya maganda yamenibabua vidole vyote,
nikamwonyesha.
Akaacha kucheka, akaomba radhi mara nne,
nikabaki na kazi ya kumbembeleza,
tena kwa Kiingereza.

Halafu akaja yule wa miwani ya kamba.
Alitazama kisu, akatazama paa, akauliza taratibu:
Ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani?

Kwetu neno hilo lina kesi.
Kisu kilisimama katikati ya punje.
Nikamwangalia machoni nitafute tusi,
halikuwemo. Alikuwa anangoja tu,
kama mtoto aliyetega kitendawili
akakosa wa kumpa mji.
Nikasema: Fain.
Akaitikia kwa kichwa, polepole,
kana kwamba fain ni mnyama anayemfahamu.

Usiku, Likombe, chini ya chandarua,
swali likaja kulala nami.
Simba? Simba dume analishwa, mimi nalisha.
Tembo anakula mihogo ya watu.
Punda, hapana, huyo ndiye niliye tayari.
Saa nane nikampata, nikaketi kitandani:
Sange!
Yule wa Rondo, kwa bibi,
pua ndefu, miguu ya sindano,
kutwa anafukua majani makavu,
jani baada ya jani, hasemi na mtu,
na ukipiga hatua moja hayupo.
"Sange ndiyo nani?" Somoe akauliza kutoka kitanda cha pili.
"Mimi."
"Lala."

Mwanangu Tamimu yuko kidato cha pili.
Nilimuuliza Kiingereza cha sange,
akasema hawajafika hapo.

Asubuhi nikaenda na jibu langu limeiva.
Wa miwani alikuwa ameondoka na ndege ya alfajiri.

Nimekaa nalo wiki mbili, jibu, kama nguo ya sherehe iliyoahirishwa.
Kisha akaja mama mmoja wa Vietnam,
Kiingereza chake cha viraka kama changu.
Akaelekeza kidole juu, akauliza kama mvua itanyesha.
Likanitoka:
Sange.

Hakucheka. Alinipa simu yake.
Nikamwandikia herufi tano.
Tukainama pamoja, nywele zake zikigusa ushungi wangu,
tukamwona, yule pale, pua imetangulia,
na yule mama akajigusa kifua, akataja neno la kwao,
fupi, lenye kupanda na kushuka.
Silijui mpaka leo ni mnyama gani.
Nikasema fain,
na safari hii ilikuwa kweli.

Mvua ilinyesha jioni.
Hilo la mvua sikumjibu.