Kumi na Ngapi

Saa tisa za usiku, wodi ya saba, hospitali moja ya Hull.
Mvua ya upande inachapa vioo
nami nasukuma kitoroli chenye kompyuta na antena mbili
kama muuza maji aliyekosea mtaa.

Muuguzi Doreen Pickersgill hana salamu:
"Jana daktari kanitajia kipimo kwa simu hii,
nikasikia kumi na, kisha mkwaruzo.
Kumi na ngapi? Nilimpigia mara tatu.
Wewe ungemchoma mtu sindano ya kumi na?"

Simbishii. Ana haki.
Hewa ya korido hii ni moja, haina uchochoro.
Humo hupita picha za eksirei, nzito kama magodoro,
orodha za dawa, hesabu ya shuka,
filamu anayoitazama kwa siri mgonjwa wa kitanda cha nne,
na katikati yao sauti,
imekatwa vipande hamsini kila sekunde,
kila kipande kinabisha hodi, kinangoja zamu.

Picha ikichelewa ni picha bado.
Barua ikichelewa husomwa vilevile.
Sauti ikichelewa
ni neno lililofika baada ya pumzi yake.
Wawili huanza pamoja, hunyamaza pamoja,
"samahani, endelea," "hapana, wewe,"
na mgonjwa yupo pale, mkono kaunyoosha.

Nimeipanga foleni upya:
sauti mbele, picha nyuma, filamu mlangoni.
Nimehamisha chaneli. Nimegundua pia
mikrowevu ya chumba cha chai,
ambayo kila supu ilipopashwa ilitafuna irabu.
"Supu ni yangu," anasema Doreen, akitazama viatu.

Tunajaribu. Yeye na simu, anatembea
toka dirishani hadi chumba cha kufulia.
Mimi ghorofa ya chini, sikio limebanwa.
"Niseme nini?"
"Hesabu tu."

Moja. Mbili. Kisanduku cha kwanza cha darini
kinamkabidhi kwa cha pili.
Kumi na moja, kumi na mbili,
kifua cha mtu nisiyemjua kinapita kando, kinampisha,
kumi na tatu, kumi na nne.
Kumi na tano:
nzima, na mkia wake.

Ningemwambia basi, yatosha.
Alipofika arobaini na saba
nilikuwa bado nasikiliza.